Wagonjwa Wangu ni Panya

Jumapili, Gisenyi

Mama amenifanyia yale yale tena. Anaambia watu wa Rugerero kwamba mimi ni daktari, ilhali anajua wagonjwa wangu wote ni panya wa maabara.

Leo rafiki yake kaleta binti yake, Solange, na sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha na mguu usiosikia.

"Daktari, mama yako anasema we unatengeneza mishipa ya fahamu," Solange akaniambia.

Nilipaswa kumwambia: natuliza uvimbe kwenye ubongo wa panya, mishipa inaanza kuota. Kwa baadhi yao tu.

Badala yake niliushika ule mguu, nikaufinya, nikaitikia kwa kichwa kama anayejua.

"Bon, sawa, nirudi lini?" Solange akauliza.

Nikamjibu Jumapili ijayo.

Sambaza tumezila zote.