Alhamisi Watalifunga Sikio Langu la Kushoto

Aarhus, Denmark
Jumapili, 11 Februari 2024

Mpendwa dada Rakul,

Mwezi huu unatimia mwaka wa hamsini na nne tangu niage pale gatini Skálavík kisiwani kwetu, wewe ukiwa msichana wa miaka kumi na tano uliyevaa koti la mama mdogo. Nahesabu kila Februari. Mke wangu Birthe husema ni ugonjwa, nami humjibu kwamba si ugonjwa, ni tabia ya mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji.

Hamjambo wote? Goti la shemeji Hjalmar linaendeleaje baada ya ile dhoruba? Kondoo wamenusurika? Nimesoma kwamba sasa mnafika mji mkuu, Tórshavn, kwa gari, chini ya bahari, bila kungoja feri. Najaribu kukuona humo ndani ya handaki, umeshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili na kumkemea Hjalmar apunguze mwendo. Nyama kavu ya kondoo uliyotutumia Krismasi ilifika salama, ina harufu kali ya upepo wa nyumbani hasa. Birthe aliila, akafungua dirisha, kisha akaongeza kipande.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa makusudi. Kwa simu ungeisikia sauti yangu, na wiki hizi sitaki mtu wa nyumbani aisikie.

Nina saratani ndani ya tundu la sikio la kushoto. Ni ya nadra. Hata hospitali kubwa hii huwaona wagonjwa wachache tu kwa mwaka. Ilianzia kwenye ngozi ya ndani ya tundu, na sasa imeanza kuula mfupa unaolizunguka. Alhamisi hii wananipasua.

Sasa sikiliza, na usiumie. Mwaka juzi sikio lilianza kuwasha, kisha likawa linatoa maji. Nikafanya kile ambacho mama zetu wangefanya: nikachukua sufu unayonitumia, ile mbichi ya shingoni mwa kondoo yenye mafuta yake, nikaisokota na kuziba tundu. Mtu wa kisiwa chetu cha Sandoy akiumwa sikio huushuku upepo kwanza. Kila asubuhi niliibadilisha, ile ya jana naitupa bila kuitazama. Joto lake lilipunguza maumivu kweli, na hapo ndipo nilipodanganyika. Daktari wa mtaani naye alinipa dawa ya matone mara tatu, akidhani ni maambukizi ya kawaida. Ni Birthe aliyeona damu kwenye foronya.

Daktari wa hospitali anaitwa Vibeke, mwanamke wa umri wa binti yetu. Alipoingiza kibano akatoa kifungu cha sufu, akakiinua kwenye taa, akaniuliza ni nini. Nikasema ni kondoo. Birthe akadakia, “Usishangae, daktari. Huko kwao kila ugonjwa una kondoo wake.” Tukacheka sote watatu. Kisha Vibeke akachungulia tena ndani, na akawa wa kwanza kuacha kucheka.

Sufu haikuleta ugonjwa. Nimemwuliza mara mbili, na mara mbili akasema hapana. Iliuficha tu. Kwa hiyo usije ukakaa hapo jikoni ukijilaumu kwa ajili ya zile bahasha. Ila mwambie Hjalmar kwamba sikio likitoa damu aende kwa daktari, asiende zizini.

Nitakueleza upasuaji kama nilivyoelezwa, kwa kuwa kitu nisichokijua vizuri hunitisha maradufu. Watapasua nyuma ya sikio na kulikunja mbele, kama unavyofunua ukurasa. Halafu watalitoa tundu lote kwa kipande kimoja, ngozi na mfupa pamoja, bila kuigusa saratani yenyewe kwa kisu isije ikamwagika. Kiwambo cha sikio kitaondoka humo, na viwili kati ya vile vijifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Wataondoa pia tezi la mate lililo mbele ya sikio, na vitezi vya shingoni ili wavipime. Shimo litakalobaki watalijaza kwa nyama kutoka pajani, kisha mdomo wa sikio wataushona. Nje nitabaki na sikio la kutazamwa, ndani hapatakuwa na mlango. Ni kazi ya siku nzima, na baada yake wiki sita za mionzi.

Kusikia kwa upande mmoja nimeshajizoeza. Mchana nalala kwa ubavu wa kushoto, sikio bovu likiwa kwenye mto, na kusikiliza kitakachobaki. Si kimya. Nasikia mapigo ya moyo wangu na mvumo kama wa mtambo wa uchapaji uliosahauliwa bila kuzimwa. Leo ni sikukuu ya kabla ya Kwaresima, watoto wanapiga pipa uani mpaka lipasuke na kugombania peremende zilizomo, na kwangu wote wako upande mmoja wa dunia.

Ninachokiogopa hasa ni uso. Mshipa wa fahamu unaouendesha unapita ndani ya mfupa uleule, karibu sana na wanapokata. Kwa sasa unafanya kazi. Kila asubuhi nikinyoa najikagua: nakunja paji, nafumba jicho hili, halafu lile, napiga mluzi. Juzi nilidhani mdomo umelegea kushoto, nikashindwa kumaliza kunyoa. Birthe alikuja akanitazama muda mrefu, akasema ni sabuni.

Vibeke aliniuliza mapema, kwa sababu nitakapokuwa usingizini hataweza kuniuliza. Akikuta saratani imeushika mshipa, aukate au auache? Akiukata, nusu ya uso italala, jicho halitafumba lenyewe, na chai itanitoka pembeni mwa mdomo mpaka nijifunze upya. Akiuacha, huenda ameacha na mbegu. Nilimwuliza angemfanyia nini baba yake.

“Baba yangu ningeukata,” akasema. “Angeninunia mpaka Krismasi. Lakini Krismasi angekuwepo.”

Nilikuwa nawaza kuingia dukani na uso kama huo, watoto wakinikodolea macho. Birthe akanigeukia. “Hanus, mume wangu,” akasema, “uso wenyewe ulikuwa mzuri kiasi gani mpaka tuulilie?” Alisema hivyo huku amenishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. Nikamwambia Vibeke akate.

Kuhusu matumaini, sikutaka kuuliza, nikauliza. Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema, karibu wote hupona. Kwa hatua yangu, katika kila watu kumi, sita au saba huwa hai baada ya miaka mitano, mradi wapasuaji watoe kipande chote na kingo zake zionekane safi kwenye darubini. Kama uso ungekuwa umeshalegea, Vibeke angetaja idadi ndogo zaidi. Tulipotoka, Birthe alikuwa ameshika wale sita. Mimi nilikuwa nawawaza wale wengine, walikaa kwenye kiti gani katika ukumbi wa kungojea, walikuja na nani.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda kwenye ngoma ya chama chetu cha watu wa visiwani. Unajua mimi ndiye huongoza beti, na wanaobaki huitikia. Nilishika mikono ya watu kulia na kushoto kama miaka yote, tukaanza kupiga hatua. Kwenye ubeti wa thelathini hivi sikuisikia nusu ya duara, nikadhani wamenyamaza, nikarudia ubeti uliokwisha. Hakuna aliyecheka. Walirudia nami, wote, kana kwamba ndivyo unavyoimbwa. Rakul, hapo niliogopa kuliko siku ile ya majibu ya kipimo.

Uliniuliza katika barua ya Desemba kuhusu nyumba ya mama. Ulisema kwa upole, lakini nimekuelewa: mjukuu wako Beinta na mumewe wanatafuta pa kuishi, na wewe kila vuli unawasha jiko katika nyumba isiyo na mtu ili ukuta usiingie ukungu, kwa sababu mimi husema nakuja kiangazi kijacho.

Saratani hii ikiamua kurudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na ikirudi hubaki kidogo cha kukata. Kwa hiyo watanichungulia kila baada ya miezi mitatu, hapahapa. Hata ningeugulia Skálavík, wangenipandisha ndege kunileta kwa madaktari hawahawa. Nikipona nitakuwa na miaka sabini na sita, sikio moja, labda na nusu ya uso, na Birthe ambaye hajawahi kuupenda ule upepo wala sijawahi kumlazimisha. Nisipopona, amenunua nafasi mbili kwenye makaburi ya kanisa letu hapa, chini ya mti ambao kwetu usingeota.

Alhamisi asubuhi mniombee, saa mbili, kabla hamjaenda kwa kondoo. Birthe atakupigia jioni. Akianza na habari za hali ya hewa, usiogope, huanza hivyo hata akiwa na habari njema.

Msalimie Hjalmar na goti lake, na Beinta na mumewe. Mungu aliyewalinda baba zetu kwenye mashua zile ndogo awalinde nanyi ndani ya handaki lenu na juu ya milima.

Nyumba mpe Beinta, aweke madirisha mapya, na kitanda cha mama akipenda akitoe. Usiwashe tena jiko kwa ajili yangu. Sitarudi.

Kakako akupendaye siku zote,
Hanus