Nguruzi Haikupotea

Mjukuu wangu Swafiya,

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku tuliyokimbia kisiwa chetu cha Ngumi, nguruzi ya mashua, kile kizibo cha tundu la chini, haikupotea. Niliificha mimi.

Mama yangu hajambo, anakusalimu. Mimi nimemaliza shule juzi. Usicheke kuitwa mjukuu na msichana. Ukoo ndio ulionifanya bibi yako.

Umeuliza kwa nini nataka kusomea mitambo inayosimamia mashine. Mwalimu alitueleza kwamba msimamizi wa namna hiyo hasukumi chochote. Yako mambo asiyoweza kuyazuia, na machache anayoweza kuyafunga. Kwa hayo machache hutimiza kanuni zake: hili lisitokee kamwe, na lile mwishowe litokee. Nikaikumbuka Ngumi.

Ilibaki mashua moja. Mama alisema kwa lahaja yetu, "Wenye watoto kwanza, na hakuna mchu wa kuachwa." Akaja jirani yetu na bunduki, akapakia magunia yake.

"Nyinyi mtangoja," akasema.

Bunduki sikuweza kuizuia, wala maji yasipwe. Nguruzi niliiweza. Niliichomoa, nikaikalia mchangani.

"Nani kaichukua?" akafoka.

"Iulize bunduki yako," mama akamjibu.

Alipokwenda kutafuta kizibo kingine, nikairudisha. Tulishusha magunia, tukapanda sote hadi Ras Kamboni.

Sijutii, na nitasomea mitambo hiyo hata wakisema msichana mwenye haya hafai. Lakini jirani yule sasa anakaa mlango wa pili hapa Mombasa, na bado anamtafuta kwa maneno aliyeichukua nguruzi. Usimwambie yeyote, hata mama yako.

Bibi yako,
Mwanaisha