Mkono wa Kumi

Jumapili, 1 Mei

Jina langu limesomwa! Baada ya misa ya kwanza katekista Eustakio kasimama na karatasi ya msafara wa hija ya Namugongo. Watu ishirini na wanane wa parokia yetu. Wa ishirini na nane – Prisila, mama Filbert! Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka niko wapi, nikabana mdomo kwa kanga. Baba Filbert kanikanyaga mguu. Ndiyo pongezi zake hizo.

Mungu ni mwema. Mwaka juzi Filbert alipolazwa, kifua kimembana hata sentensi haimalizi, niliwaambia Mashahidi wa Uganda: mkinisemea mwanangu akapumua, nitakuja mwenyewe kushukuru. Akapumua. Mimi ndiye sijaenda. Mwaka ule hija ilifungwa, na mwaka jana sisi wa huku hatukupata njia.

Ila kuna jambo. Eustakio kasema waandaaji wa msafara wanataka cheti kinachoonyesha chanjo ya nyongeza ya korona. Busta. Ile ya mwaka jana peke yake haitoshi. Vyeti vimfikie yeye Ijumaa tarehe 20. Asiyekuwa nacho, nafasi yake anapewa wa akiba.

Na wa akiba wa kwanza ni nani? Gaudensia!

Gaudensia ni mtani wangu. Yeye Mmakonde, mimi Mmwera, jumuiya moja. Mlangoni kanisani kanishika bega mbele ya watu: Mama Filbert, we pumzika tu nyumbani, Mashahidi nitakusalimia. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kidogo.

Jumanne, 3 Mei

Idd. Mwanabibi jirani katuletea pilau, sahani imefunikwa sahani. Kakaa kidogo tukazungumza habari za chanjo. Ajabu jinsi kila mtu ana yake! Mumewe, Nuhu, alikwenda Ruangwa kuangalia mpira, nje ya uwanja akakuta watu wa afya na meza yao. Kachanjwa busta huku ameshika tiketi mkononi. Mechi ikaisha bila kitu. Nuhu husema goli pekee la siku ile alifungwa yeye, begani.

Gaudensia naye alipatia Ruangwa, kwenye hema karibu na stendi. Alikwenda kuuza karanga. Dakika tano, kasema, hata kikapu hakukitua kichwani. (Hapo chumvi ipo. Sindano ya begani na kikapu kichwani!)

Basi mimi naona si kazi ngumu.

Alhamisi, 5 Mei

Ni kazi ngumu.

Nimetoka alfajiri kwenda Nachingwea mjini. Foleni ndefu, mbele yangu mabibi wawili wanagombania nani alimkuta nani. Nilipofika dirishani, kijana kaniambia bila kuinua uso: Mama, siku hizi ni kwa miadi, acha namba ya simu, utatumiwa ujumbe. Nikaacha. Nikarudi.

Ujumbe umeingia jioni nikisonga ugali. Tarehe yangu ni Jumatatu, 6 Juni.

Sikukuu ya Mashahidi ni tarehe tatu! Nimeusoma mara nne, labda macho. Si macho. Nikaujibu kwa adabu zote: Mwanangu, shikamoo hainipasi mimi kukuamkia lakini nakuomba, haiwezekani kabla ya tarehe 20? Jibu likaja pale pale – namba hii haipokei ujumbe.

Na kituko ni hiki. Mjomba Silvanus, ambaye hakuomba, hakupanga foleni, hata hija haendi, kaitwa kwa ujumbe leo leo. Namba yake walikuwa nayo tangu mwaka jana. Kaenda na baiskeli, kachanjwa, kapitia kunyoa, karudi. Kanilalamikia kwamba sindano yenyewe haikuuma, ana wasiwasi wamempa maji. Nilitamani kumng'ata. Mjomba wangu mwenyewe! Mungu nisamehe.

Jumamosi, 7 Mei

Ruangwa. Hema hakuna. Pale lilipokuwa nimemkuta mama anakaanga vitumbua. Kasema watu wa afya walihama jana, wamekwenda Namungo kwa wachimbaji wa dhahabu, na huko watakaa siku moja tu. Nimenunua vitumbua vinne, nimekula viwili nimekaa juu ya jiwe, nimerudi.

Kwenye rozari ya jumuiya Gaudensia kaniuliza: Mmwera, umechanjwa? Nikasema bado. Kasema, pole, ndiyo maana siku hizi nafua ile kanga yangu ya safari. Kicheko! Halafu mwezi wenyewe wa Mama Maria.

Nimesali rozari nzima nikimfikiria Gaudensia. Si vizuri.

Jumatatu, 9 Mei

Kumbe chanjo ipo hapa hapa kijijini! Kwenye friji ya zahanati yetu, hatua mia tatu kutoka kwangu, nami nazunguka wilaya mbili kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Nesi Catherine kanionyesha. Kichupa kidogo kama cha wanja. Nikamkunjia mkono wa gauni pale pale – nichome, mwanangu. Kacheka. Akasema, Mama, kichupa hiki ni cha watu kumi. Nikikifungua hakilali, jioni kisichotumika namwaga. Siwezi kumwaga mikono tisa kwa ajili ya mmoja. Niletee watu kumi siku moja nifungue.

Nikamuuliza, wote wawe wa busta? Kasema hapana, awe wa kwanza, awe wa nyongeza, mkono ni mkono.

Tumepanga Alhamisi tarehe 19, maana Jumatano ni kliniki ya watoto na wiki hii yuko semina. Hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho. Ijumaa cheti kwa Eustakio. Kijana wa stesheneri anachapa siku ile ile, nimeshamuuliza.

Watu kumi tu! Kijiji kizima!

Jumanne, 10 Mei

Fungu moja la rozari ni Salamu Maria kumi. Nimeamua kila punje iwe mtu. Punje ya kwanza mimi. Ya pili Baba Filbert. Nimemwambia akiwa anakula, asije akasimama. Kasema, niandike, ila usinihubirie. Amina!

Ya tatu nimekwama.

Ijumaa, 13 Mei

Nani anapatikana nyumbani mwezi huu? Watu wote wako kwenye ufuta. Umeshakatwa, umesimamishwa mafungu mafungu unakauka, na ukikauka unapasuka wenyewe, punje zote chini. Hausubiri mtu, hausubiri misa. Nimewafuata huko huko mashambani, miguu yangu yote michubuko.

Nimepata majibu ya kila namna. Mmoja kakubali bila hata kuinua kichwa. Mmoja anaogopa sindano, hata ya kushonea humpa mke wake. Mmoja atakuja kama chanjo inatibu na mgongo. Nikamwambia sijui. Nafsi ikaniuma, nikarudi nyuma nikamwambia haitibu. Kajitoa. Mwingine kaniuliza mimi nanufaika nini, mbona nahangaika na mikono ya watu? Nikamwambia ukweli wote, nadhiri yangu, Filbert, basi, kila kitu. Kasimama na mundu wake ananitazama. Kasema, haya, kwa ajili ya huyo mtoto, nitakuja.

Nimelia njiani. Machozi na vumbi, nimefika nyumbani nina ndevu.

Wanne.

Jumapili, 15 Mei

Mwanabibi! Mbingu imfungukie. Kaja na wenzake wawili wa kikundi cha upatu, wote hawajachanjwa hata ile ya kwanza. Nimemwambia mwenzangu, hija yenyewe ni ya Wakristo. Kasema, kwani sindano ina dini? Halafu ukifika huko uniombee nami magoti yangu, hao Mashahidi hawatakuuliza umetumwa na nani.

Saba.

Jumatatu, 16 Mei

Sita. Yule wa mundu kaenda msibani Masasi.

Jumanne, 17 Mei

Tisa!! Fundi baiskeli, mkewe, na mama mkwe wake. Huyo mama mkwe nadhani hakuelewa anakubali nini, kila nilichosema kajibu ndiyo ndiyo. Nitamweleza tena kesho, taratibu, kwa Kimwera.

Jumatano, 18 Mei

Nimemweleza. Alielewa tangu mwanzo. Kanigombeza kwa kumwona mjinga.

Na kumi wametimia! Mzee Protasi, mpiga kengele. Kasema atakuja mapema, kabla hata ya nesi.

Niandike na hili, maana hapa sidanganyi mtu. Kabla ya Mzee Protasi, kulikuwa na mtu mmoja ambaye hana kazi shambani wiki hii na anakaa karibu. Saturnini, kaka yake Gaudensia. Mwaka jana gari la afya lilipopita likitangaza, Saturnini aliingia kwenye mbaazi hakuonekana mpaka jioni. Dada yake ndiye pekee anayemwendesha. Nimepita mlangoni kwao mara mbili leo. Mara mbili nimeangalia pembeni. Nimuombe Gaudensia anisaidie kumnyima Gaudensia safari? Mdomo ungeanzia wapi?

Kiburi hicho, Prisila. Utakiungama.

Alhamisi, 19 Mei

Naandika hapa hapa kwenye benchi la zahanati. Daftari nimelibeba kwa sababu majina ya watu kumi yako nyuma yake.

Saa nne. Tuko tisa. Baba Filbert kavaa shati la Pasaka. Mwanabibi kaleta mihogo ya kuchemsha, watu wanatafuna wanaongea kama wako harusini. Mzee Protasi hayupo.

Saa tano u nusu. Mzee Protasi kamtuma mjukuu: ufuta wake umeanza kupasuka, hawezi kuuacha, ila mimi Mungu atanisaidia. Sawa, lakini Mungu naye lazima apate mkono wa kuchoma!

Nesi Catherine anasema anaona haya kuturudisha, lakini tisa si kumi, na atasubiri mpaka saa nane, chupa iko kwenye friji. Baba Filbert katoka kusimama barabarani akamate mpita njia. Mume wangu! Mtu ambaye hata kuku wa jirani hamsemeshi.

Saa saba. Amerudi peke yake, ingawa njia nzima sasa inajua tumepungukiwa na mmoja. Mama mkwe wa fundi amelala amekaa. Nimesali fungu lote. Punje ya kumi nimeishika mpaka imeloa jasho.

Saa saba na dakika arobaini. Sijui niandikeje.

Baiskeli imeingia uani. Gaudensia anaendesha, na nyuma kwenye keria amekaa Saturnini, miguu inaburuza, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Gaudensia kapiga kelele tangu getini: Wamwera nyie, mnajua kuhesabu mpaka tisa tu? Watu wakavunjika mbavu. Saturnini kasema, mimi sijaja jamani, nimeletwa. Nesi kamuuliza, unakubali mwenyewe au unalazimishwa? Kamwangalia dada yake, kaangalia benchi zima lilivyogeuka kumtazama. Kasema, nakubali, ila wa kwanza niwe mimi, nisije nikaona wenzangu wanavyokunja uso.

Chupa imefunguliwa. Saturnini kachanjwa. Kasema, kumbe! Hivyo tu – kumbe!

Wanaingia mmoja mmoja sasa. Mimi nimejiweka wa mwisho.

Gaudensia kakaa hapa pembeni yangu, anajipepea na ukingo wa kanga. Huyu anajua hesabu kuliko mimi. Chupa isingefunguliwa leo, kesho saa hizi jina lake lingekuwa kwenye karatasi ya Eustakio. Alikuwa akae tu nyumbani. Afanye nini? Hakuna! Akae tu.

Nimemwambia asante. Kasema, asante ya Mmwera haijazi kibaba. Tukacheka. Halafu nimefikiri: wiki tatu nimeandika humu kila neno la utani alilonitupia, na sijamuuliza hata mara moja yeye kule Namugongo alikuwa anaendea nini.

Nimemuuliza.

Gaudensia! Ameacha kujipepea. Anaangalia magurudumu ya baiskeli yake kana kwamba leo ndiyo kwanza anayaona.

Nesi ameita, Prisila. Baba Filbert anatoka amekunja mkono wa shati la Pasaka, ananiashiria kwa kidevu, ingia, ingia.

Ameita tena. Gaudensia kanisukuma kiunoni kwa kiwiko, bila kunitazama, bila utani. Nimemshika mkono, nimemwambia sema kwanza, nikuombee nini huko –