Chakula cha Bure Barazani kwa Mama

Kalgari, Kanada

Kwa Ami yangu Mzee Khelef, mkubwa wetu tangu baba alipotutoka. Kwa Shangazi yangu Bi Salama, aliyetulea sote mikononi mwake. Kwa mama yangu mzazi, Bi Asha. Kwa ndugu yangu Hamadi, msimamizi wa nyumba yetu ya Jadida. Na kwa mdogo wangu Rukia, ambaye nimemwomba aisome barua hii kwa sauti bila kuruka neno. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Rukia, simama hapo kwanza. Tazama kama mama amekaa nanyi. Ikiwa yuko jikoni, usiendelee. Mtu akamwite, na kilichopo motoni kiepuliwe. Akishakaa, soma.

Nataraji nyote mu wazima. Miguu ya Ami niliiacha imevimba, na kikohozi cha Shangazi kilikuwa hakijamwacha. Naomba Mwenyezi Mungu awe amewapa nafuu. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakwenda kazini, watoto wanasoma, na theluji imeanguka mapema mwaka huu hata mlango wa mbele tunaufungua kwa kuusukuma kwa bega. Nimeandika, sikupiga simu, kwa sababu kila ninapoligusa jambo hili simuni mtandao wa Hamadi huharibika. Karatasi haina mtandao. Nimempa mtu anayesafiri kuja Wete, aikabidhi mkononi mwa Rukia.

Jambo lenyewe ni chakula cha jioni mnachowapa wapangaji wa nyumba yetu bila malipo.

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana habari hii niliileta mimi. Mnajua kwamba nafanya kazi katika hoteli ya wakaaji wa muda mrefu. Humo hukaa wahandisi wa visima vya mafuta, wauguzi wa mikataba, na watu ambao nyumba zao zimeungua na hazijamalizika kujengwa. Wengine miezi mitatu, wengine mwaka mzima. Kila chumba kina jiko lake dogo, lakini mtu aliyerudi kazini amechoka hana hamu ya kujipikia peke yake. Kwa hiyo jioni, tangu saa kumi na moja na nusu hadi saa moja, hoteli huwawekea ukumbini supu, nyama, saladi na vinywaji, na hakuna anayeulizwa hata senti. Mmoja wa wanaoandaa ni mimi. Nilimsimulia Hamadi haya kwa furaha. Nilimweleza hata habari za mzee mmoja anayeshuka kila jioni amevaa shati lililopigwa pasi, anakunywa vijiko vitatu vya supu, kisha anakaa saa nzima akitafuta wa kumwambia siku yake imekwendaje.

Hamadi akacheka. "Dada, kumbe Wazungu wameyajua juzi hayo? Sisi tushazaliwa nayo! Mgeni kwetu anakula hadi anatafuta mlango wa kukimbilia."

Nami nikacheka naye. Laiti ningenyamaza.

Mkaigeuza nyumba ya marehemu baba kuwa nyumba ya wapangaji wa muda mrefu. Wakaja wahandisi wa barabara, wakaja watafiti wa mikarafuu, na misimu ya uchaguzi wakaja waangalizi wanaokaa wiki nenda wiki rudi. Nilikubali. Nyumba ile ni urithi ambao hatujaugawa, nami niliulizwa kama mrithi, nikasema sawa. Lakini nilichoulizwa ni vyumba. Hakuna aliyeniuliza juu ya baraza, wala juu ya jioni za mama.

Nyote mnajua baraza ile ilikuwa nini. Kila siku baada ya sala ya alasiri, hadi magharibi inapokaribia, ilikuwa chuo. Mama akiketi juu ya mkeka, amezungukwa na wasichana wa Jadida, akiwasomesha Kurani mmoja mmoja. Mimi nimesomea pale. Rukia amesomea pale. Wake wa baadhi yenu wamesomea pale, na ndiyo maana wanajua kusoma. Baba alipofariki na mama akawa hataki kula wala kusema, Shangazi ni shahidi yangu kwamba kilichomtoa chumbani ni chuo. Siku ya pili tu baada ya eda kwisha alitandika mkeka mwenyewe, akawaita watoto.

Mwaka jana nilipokuja kwa wiki tatu, nilifika nyumbani alasiri nikiwa na hamu ya kuzisikia sauti zile kabla sijafika mlangoni. Niliyoyakuta ni meza tatu za plastiki, chupa za chai, na ubao uliosema kwamba chakula na vinywaji vya jioni ni bure kwa wapangaji wote. Juzuu za watoto zilikuwa ndani ya katoni juu ya kabati, zimefungwa kamba.

"Karibu dada, kaa ule," akasema Hamadi. "Wewe leo mgeni."

Nikakaa. Akatoka mama na sinia, akaniwekea mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga na juisi ya ukwaju, kisha akapita meza ya pili, kisha ya tatu. Nilipoinuka kumpokea sinia, Hamadi alinishika mkono. "Kaa, yakhe! Usituaibishe mbele ya watu."

Meza yangu alikuwapo mhandisi kutoka Bara, mtu mpole, anayekula taratibu. Akaniambia, "Dada, kisiwa kizima hakuna mpishi kama huyu. Mlimpata wapi?"

"Nani?"

"Huyu bibi. Bwana Hamadi aliniambia ni mpishi wenu wa siku nyingi."

"Huyo ni mama yangu," nikamwambia. "Ndiye aliyemzaa huyo Bwana Hamadi."

Mhandisi akarudisha kipande cha samaki sahanini. "Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano mimi namwambia aongeze chumvi." Akainuka, akaichukua sahani yake kwa mikono miwili, akaipeleka jikoni mwenyewe. Tangu siku ile, mpaka naondoka, hakukaa tena mezani pale.

Hamadi ndugu yangu, nilipokuuliza baadaye kwa nini umemwita mama mpishi, ulinijibu, "Sasa ningesemaje? Niwaambie watu mama yangu mzazi ndiye anayewaandalia? Ningeonekana mtu gani?" Nimekaa na jibu hilo mwaka mzima, na kila nikiligeuza linanichoma upya. Uliona haya. Aliyeona haya alijua. Ulijua kwamba jambo hili halitazamiki, na ulipofika pa kuchagua kati ya kuliacha na kulifunika, ukalifunika kwa kumvua mama yako jina lake.

Nawe Ami, nakuheshimu kama ninavyomheshimu marehemu ndugu yako, lakini leo nitasema. Wewe na Hamadi, tangu siasa za vyama vingi ziingie kisiwani kwetu, mlikuwa hamsalimiani. Mmoja akipita njia hii, mwingine anapita ile. Harusi ya Rukia mlikaa katika mahema mawili, na Shangazi akawa anabeba biriani kutoka hema hadi hema kama mjumbe wa suluhu. Waliwaombeni masheha, waliwaombeni maimamu, hamkusikia. Kisha ghafla mkapatana, mkawa washirika wa nyumba ya wapangaji, na tulipopata habari hiyo huku tulisoma dua ya shukrani. Kumbe mmepatana kwa jambo moja tu: kwamba Bi Asha asimame jikoni tangu alasiri hadi wageni washibe. Kefule!

Mnasema mmeiga hoteli yangu. Basi nisikilizeni niwaambie inavyokwenda, kwa sababu mliiga sahani mkaacha yaliyobaki. Chakula kile hutolewa siku nne kwa wiki, na siku tatu ukumbi hufungwa. Wageni wanalijua hilo na hakuna aliyekufa. Tuko wawili tunaosaidiana. Siku ya kwanza kazini nilisema kwamba sigusi pombe, wala sipangi glasi zake. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali asiyecheka ovyo, akaniuliza tu, "Kuna kingine usichoweza?" Akaandika, na tangu hapo bia huwekwa na mwenzangu. Mwezi wa Ramadhani hunipa zamu ya asubuhi bila ya mimi kuomba. Nilipoungua mkono kwa mvuke wa supu, alininyang'anya mwiko, akaniambia, "Nenda nyumbani. Supu leo basi." Wageni walikula mkate na jibini, wakaniulizia hali.

Huyo si wa ukoo wangu wala wa dini yangu, na aliniuliza. Ninyi mlimwuliza mama lini? Yeye hupika siku saba, hata Ijumaa. Ramadhani hupika mara mbili, futari ya waliofunga na chakula cha wasiofunga, na anakula mwisho, kilichopoa, ameegemea mtungi. Tena hicho mnachokiita bure kimo ndani ya kodi ya chumba, kama kilivyo hotelini kwetu. Kila mtu katika mpango huu amepata chake, na aliyetoa ni mmoja.

Najua mtasema ni ukarimu, na kwamba baba alikuwa hali bila mgeni. Kweli. Lakini baba alikaa na mgeni wake sinia moja, akamwambia, "Huyu mke wangu, Bi Asha, mwalimu wa watoto wa mtaa huu." Na kama mgeni alifika saa ya chuo, baba alimpeleka msikitini kwanza, wakazungumza huko hadi watoto watawanyike. Sikupata hata siku moja kusikia baba amekikatisha chuo kwa ajili ya tumbo la mtu.

Sasa msimwulize mama hapo mbele yenu kama amechoka. Atasema, "Mimi sina neno, wanangu." Neno analo. Nilimfuata jikoni nikamwuliza habari za chuo. Akaanza kunizungusha. "Watoto wenyewe siku hizi wana tuisheni."

"Mama."

Akaacha kukuna nazi. "Niliwaachia katikati ya juzuu ya Amma," akasema. "Sijui kama kuna aliyewapokea. Nikikuna nazi huwasikiliza kichwani, mmoja mmoja, huyu nikamsahihisha, yule nikamwambia rudia. Mara nasikia huko, 'Mpishi, chai imekwisha!' Hupoteza nilipofika." Kisha akanishika kiganja. "Usiseme kitu, Zuhura. Ami yako na ndugu yako ndiyo kwanza wamepatana. Mimi nikiondoka hapa watapata la kugombania tena."

Mama, unisamehe. Nilikuahidi kunyamaza na nimenyamaza mwaka mzima. Lakini ikiwa wanaume wawili hawawezi kupatana isipokuwa kwa kusimama juu ya mgongo wako, basi na wagombane, Wete ni kubwa.

Kabla sijamaliza, nifikishieni salamu zangu kwa wifi yangu Time, mke wa Hamadi, ambaye najua huosha vyombo vyote vile na hakuna anayemtaja. Salamu kwa binamu zangu wa Shumba wanaotuletea samaki, na kwa mhandisi, kama bado yupo. Mwambieni chumvi ilitosha. Na salamu nyingi kwa jirani yetu Bi Mwache, mama wa wasichana watatu waliokuwa wakisoma kwa mama.

Kwa Bi Mwache ndipo ulipo uamuzi wangu, na kikao hiki ndicho kitakachoutekeleza.

Ridhaa yangu juu ya vyumba inabaki pale pale. Ridhaa juu ya baraza sikuitoa, na mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu na mrithi katika nyumba ile, siitoi. Kuanzia Jumamosi inayofuata siku mtakayosoma barua hii, tangu sala ya alasiri hadi magharibi, baraza ni chuo. Mkitaka kuendelea kuwalisha wapangaji, mwajirini mpishi aliyekubali kwa kinywa chake, mwenye siku zake za kupumzika, na chakula kiandaliwe ua wa nyuma. Mkiona hilo ni zito, wapangaji wana miguu na mjini kuna mikahawa. Mama asiguse sufuria ya mpangaji hata kwa kusaidia.

Nimekwisha zungumza na Bi Mwache. Yeye amepita nyumba kwa nyumba, na wasichana kumi na mmoja watakuja Jumamosi hiyo na juzuu zao. Hamadi, meza utaziondoa wewe, na katoni utaishusha wewe. Ami, nakuomba kwa heshima zote ukae pale mlangoni siku ya kwanza uwapokee watoto, na Hamadi akae pembeni yako, ili mtaa uone kwamba mmepatana kwa jambo la maana.

Kama kuna asiyekubali, asimame sasa hivi, amtazame mama usoni, aseme sababu yake. Rukia, usiikunje karatasi hii mpaka wote wamejibu.

Mimi mwanenu na dada yenu,
Zuhura binti Salim