Nyumba Yetu ya Kategori ya Ine

Jumatatu, tarehe 3
Nimetoka misa. Maji ni bido mbili tu, dumu zangu za bombani, foleni ya Keshero haikwendi. Maharagwe iko motoni. Tuko watu kumi na mumoja humu: mimi, muzee bwana yangu, watoto wetu wanne, na Zawadi na watoto wake wanne. Zawadi alikimbia vita Kalengera. Sikumujua. Alipiga hodi, nikafungua. Wanalala salon, sebule yetu, juu ya mikeka miwili.
Shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, amepita. Kesho watu wa msaada wanakuja kupanga kwa kategori nyumba zenye kupokea wakimbizi. Nyumba ikionekana na shida, mukimbizi wake anapata karte ya unga na mafuta. Zawadi ameimba kutwa nzima.

Jumanne, tarehe 4
Kwetu Butembo mugeni hakuti nyumba tupu. Nimeazima kwa jirani viti vinne, vitambaa vya kushona, na termosi. Mikeka ya Zawadi nimeficha nyuma ya nyumba. Watoto wake nimevalisha nguo za misa za wangu. Nyumba ilipendeza. Nilijisikia vizuri.
Alikuja dada mupole wa msaada na simu kubwa. Akauliza: chini ni simenti ao udongo? Viti ngapi? Alihesabu mwenyewe.
"Mama, kwa siku munakula mara ngapi?"
Mbele ya termosi ile nilisema: "Tatu."
Kweli ni mara moja. Zawadi aliniangalia, akainamisha kichwa.
Nilimupa dada chai. Akaniambia hata inchi za dunia zinapangwa vile vile. Watu wanapata nini, wanasoma miaka ngapi, wanaishi mpaka lini. Halafu: za juu, za katikati, za chini.
"Na yetu?"
"Karibu na mwisho, mama."
Tulicheka kidogo. Akanywa chai yote.

Ijumaa, tarehe 7
Liste imebandikwa kwa shefu. Kategori ziko nne: ya moja ni wenye shida kupita wote. Ya ine ni wenye kujiweza. Sisi ni ine. Zawadi hana karte.
Muzee amecheka mpaka akakohoa. "Inchi yetu iko chini kabisa, lakini salon ya bibi yangu iko Ubelgiji! Kesho niombe viza ya kuingia?"
Sikucheka. Ni uongo wangu umefanya hivi.
Zawadi amekunja mikeka yote miwili, ameifunga kamba. Anataka kwenda kambini na watoto, anasema hawezi kutukalia bure. Kule ni matope na kipindupindu.

Jumamosi, tarehe 8
Nimeungama. Padri amesema niende kusema ukweli pale pale niliposema uongo. Nilijua atasema hivyo, ndiyo sababu nilichelewa kwenda.
Nilianza na Zawadi. "Mama, nilinyamaza sababu nyumba ni yako," akasema. "Ningekuaibisha namna gani mbele ya wageni?"
Hapo niliona haya kupita ile ya liste. Nilimuomba angoje juma moja tu. Amekunjua mukeka mumoja.

Jumapili, tarehe 9
Nawaza habari ya zile inchi. Ya kwetu nani alijibu maswali yake? Mutu mwenye koti ya kuazima, kama viti vyangu? Sijui. Kama iko karibu na mwisho, basi angalau haikuficha mikeka.

Jumatatu, tarehe 10
Nimeweka barua ndani ya sanduku ya malalamiko ya watu wa msaada. Nimeiandika mara tatu, kifaransa kikanishinda, nikaiacha kwa kiswahili. Mwishowe imekuwa hivi:
"Salamu kwenu nyote, muko na afya? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Mimi ni mama wa viti vinne. Si vyangu. Tunakula mara moja. Zawadi hakudanganya, ni mimi. Mimi muniache kule kwa ine, yeye mumuandike upya. Tafadhali mujibu upesi, mukeka wake mumoja ungali umefungwa kamba."

Jumamosi, tarehe 15
Juma limekwisha. Hawajajibu.
Jirani alikuja kuchukua viti vyake. Salon imebaki kubwa. Tumekula ile mara yetu moja, wote kumi na mumoja tumeketi chini, hata muzee. Amesema Ubelgiji baridi ilimuchosha.
Zawadi hakutaja kambi. Baada ya rozari amefungua kamba, akakunjua mukeka wa pili.