Mlenda Niliokwenda Nao Dubai

Kongwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako anakohoa kidogo, mbuzi wawili wamezaa, na mvua bado tunaitazamia.

Unauliza uende Dubai au Bangkok kununua nguo za duka lako. Tangu nisome swali hilo, chakula hakishuki.

Miaka ile serikali ilipowafungulia watu biashara ya nje, mimi na shoga yangu Mama Daudi tulihangaika hivyo hivyo. Bangkok tuliambiwa wanakula nyoka, tukaogopa. Tukachagua Dubai, maana tulisikia Waswahili wapo. Hata hivyo nilifunga mboga yetu ya mlenda, iliyokaushwa na kusagwa, mifuko mitatu, Mgogo mimi nisije nikafa njaa ugenini.

Kwenye uwanja wa ndege wa Dubai, ofisa akaifungua mifuko. Alipouona ule unga wa kijani, akadhani ni dawa za kulevya, akaita wenzake. Mama Daudi akasogea pembeni kama hanijui. Nikachovya kidole, nikalamba mbele yao, nikaonyesha kwa mikono tunavyomega ugali na kuchovya. Mmoja akacheka, akanirudishia mifuko yangu.

Nilikuwa nimeikimbia Bangkok, kumbe hofu nimeifunga mwenyewe sandukuni.

Kwa hiyo habari za Bangkok waulize waliofika huko, si sisi tuliosikia tu. Mimi nitaogopa popote utakapokwenda, usinitazame mimi. Ila safari hii mlenda sikufungii. Ukirudi utaukuta jikoni, umeiva.

Bibi yako