Samaki wa Kwanza Kujijua

Mwanaidi shoga yangu,

Leo ofisi imenipanga na Furaha. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukajishika mbavu. Tangu tukuzike nimemkwepa yule mwanamke. Nimebadilisha zamu, nimesingizia mgongo, na leo saa mbili asubuhi namkuta mlangoni kwa mgonjwa wetu Bibi Peggy, pale Thornton Heath, kusini mwa London, ameshavaa aproni, ananingoja. Kwa Bibi Peggy mtu haingii peke yake, unajua mwenyewe. Ile mashine ya kumnyanyua kitandani inataka watu wawili, na wawili hao sharti wahesabu pamoja ndipo wanyanyue. Kwa hiyo tumesemeshana. Maneno yetu ya kwanza baada ya msiba wako yalikuwa moja, mbili, tatu.

Miaka sita mashine ile ilikuwa yetu, mimi na wewe. Tulifundishwa siku moja, katika kile chumba chenye mwanasesere mkubwa wa plastiki kitandani: usimguse mtu kabla hujamwambia unachotaka kumfanyia, wala usiongee juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Mimi niliichukua kama sheria ya ofisi, ya kufuata msimamizi akiwepo. Wewe uliifuata kila siku, na kwa Bibi Peggy zaidi, ambaye kiharusi kilimnyang'anya sauti kabla hatujamjua. "Bibi, ni mimi Mwanaidi. Nakugeuza upande wa kulia, usiogope." Kisha ukampa habari za mvua, na za mihogo ya soko la Tooting ilivyojaa nyuzi wiki ile. Yote kwa Kiswahili! Nikakuuliza unamsemeshaje Mwingereza Kiswahili. Ukanijibu kwamba mtu husikia sauti kwanza, maneno yanafuata baadaye.

Mimi sikuwa na imani hiyo. "Shoga, taa inawaka lakini mwenye nyumba alishahama," nilikwambia tukiwa kwenye basi, ghorofa ya juu, viti vya mbele, ambako ndiko kilikokuwa chuo kikuu chetu. Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu cha jinsi viumbe walivyobadilika, na nilikisoma mpaka nikaanza kuringa. Nikakueleza kuwa akili ni nyama iliyojifunza ujanja kidogo kidogo, na umeme ukikatika basi, kwisha habari. Wewe ulikuja na maneno ya bibi yako wa Tanga, aliyewakataza kumshtua mtu usingizini, roho isije ikakosa njia ya kurudi. Tulibishana tukapitiliza vituo. Halafu asubuhi moja, kioo kimejaa ukungu, ukachora samaki kwa kidole ukaniuliza: "Haya, msomi wa Njombe. Tuseme tumetoka kwa samaki. Ni samaki yupi wa kwanza aliyejijua kuwa yupo?"

"Mwenye njaa," nikasema.

Ulicheka, ukamwongezea samaki mdomo mkubwa. Nilijiona nimeokota dhahabu. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna ile. Kule naulizwa chakula kiko wapi. Lile swali niliamini ni langu.

Ndipo ukaniletea mke mwenza. Furaha alikuja kutoka Bukavu, akapangwa nawe Jumanne na Alhamisi, mimi nikabaki na siku zilizosalia. Ulianza, "Furaha anasema roho inafanya hivi, Furaha kaota hivi." Ukaniita tuwe watatu Jumamosi, tukanunue kachori Tooting tuzungumze. Nilikuja mara mbili. Yeye anaongea kwa macho yaliyofumbwa, wewe unamsikiliza kwa mdomo wazi, na mimi nashika mfuko wa kachori. Mara ya tatu nikasema naumwa kichwa. Sikuumwa. Niliona wivu, Mwanaidi, wivu wa kitoto, na ulijua, maana uliniletea kachori zangu mpaka mlangoni wala hukuuliza kichwa kinaendeleaje.

Sasa nifike ninakoogopa kufika. Siku ulipoanguka, binti yako Zainabu alinipigia, akaniambia kwa Kiingereza chake cha haraka: mama yuko hospitali, hajitambui, anti Furaha ameshafika. Hata kwenye ugonjwa wako sikuwahi kuwa wa kwanza! Nikaingia wodini nikamkuta amekuvua soksi, anakupaka mafuta miguuni, amekuinamia na kukusimulia. Anakusimulia nini? Samaki. Samaki wangu.

"Nani kakwambia habari hiyo?" nikamuuliza.

"Ni yeye mwenyewe, dada Neema. Aliniulizaka ile swali kwa basi."

Kwa basi. Sijui viti vipi, sikutaka kujua. Wivu ulinipanda hadi utosini. Nikamwambia aache maigizo. Nikamwambia mimi nimekujua miaka sita, yeye ni mgeni wa juzi. Akanijibu taratibu, "Dada, tusigombane hapa juu yake. Anasikia."

Ulimi hauna mfupa. Nikasema, kwa sauti, hatua moja kutoka sikioni mwako: "Mwache. Hapo hakuna mtu."

Mimi, niliyefundishwa nawe chumba kimoja. Furaha akafuta mafuta mikononi, akakufunika miguu, akatoka. Siku ya pili ukafariki.

Tangu siku hiyo sina raha. Ule ubishi wetu wa kwenye basi haujaniachia. Kama mimi ndiye niliyekuwa sahihi, hukusikia kitu, na mimi nimesalimika. Nimeomba niwe sahihi. Nimerudi kwenye kile kitabu cha maktaba kutafuta ukurasa wa kunitetea. Ila nikiwa sahihi, basi hukusikia wala kilichofuata, na kilichofuata sijamwambia mtu.

Alipotoka Furaha nilisimama pale sijui mikono niiweke wapi. Mto wako ulikuwa umeteleza. Nikasogea, na kabla sijakugusa nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwanaidi, ni mimi Neema. Nakuinua kichwa kidogo nikuwekee mto, usiogope." Hakuna msimamizi aliyekuwepo. Nikakuinua. Nikakueleza habari za mvua, kisha nikakwambia nisamehe, nikakwambia nakupenda, neno ambalo miaka sita yote sikuwahi kulitoa. Hukujibu. Hata kidole hakikutikisika, na sitatia chumvi kukufurahisha.

Leo tulipomaliza kumvalisha Bibi Peggy, Furaha akakaa kujaza daftari la zamu. Bila kuinua uso akasema, "Ile swali ya samaki, miye sikupataka jibu. Nilimwambia Mwanaidi labda ni ule mwenye kuota. Akakataa. Akasema: mwenzangu Neema alisema mwenye njaa, na sijasikia jibu la kushinda ile."

Nikajifanya natafuta glavu. Nilifurahi, Mwanaidi, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Na hapo hapo, wallahi nisikufiche, nikaona wivu upya, kwa sababu sifa hizo ulimpa yeye azisikie wakati mwenyewe nilikuwepo, siku zangu zote nawe, nazisubiri hata nusu yake.

Basi nimebadilisha jibu langu. Samaki wa kwanza kujijua ni yule aliyemwona mwenzake anaogelea na mwingine. Hapo ndipo alipogutuka: kumbe mimi nipo, na naumia. Nilimwambia Furaha. Alicheka kwa sauti hadi Bibi Peggy akageuza macho kumtazama, na sote wawili tukamwomba radhi bibi wa watu kwa kupiga kelele kichwani pake.

Jumamosi nitakwenda naye Tooting. Sijampenda bado, usinisukume. Lakini hakuna mwingine London hii nzima anayejua ulivyokuwa unachora samaki.

Na ule ubishi nimeuacha. Umeshinda. Sitafuti tena ukurasa wa kunitetea. Nakubali kwamba ulikuwepo, ulisikia, na lile neno baya lilikufikia likiwa na sauti yangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nitaibeba aibu hiyo, kwa sababu bila hiyo sina namna ya kuamini kwamba ulisikia na yale niliyokwambia nikikuwekea mto.

Lala, shoga. Sitakushtua.

Ni mimi,
mwenzako wa kuhesabu mpaka tatu